Nunda jukwaani: opera ya watoto niliyoilipia mara tatu

Nimelipa mara tatu kwa ajili ya paka mmoja. Kwanza ada ya mafunzo ya likizo, shilingi elfu hamsini, ya binti yangu wa miaka kumi na moja. Ya pili na ya tatu ni tiketi, elfu tano kila usiku, kwa sababu usiku wa kwanza nilirudi nyumbani usingizi ukanipaa, nikasema kesho narudi tena nikahakikishe nilichokiona.

Kwa ambao hamkusikia: kuna kikundi cha vijana hapa mjini Unguja (sikitaji jina, maana mbele nitawalaumu) kimetunga opera ya kama dakika sabini kutokana na hadithi ya Sultani Majinuni na nunda mla watu, yule paka aliyegeuka dubwana. Waimbaji wote ni watoto wa skuli, mdogo wao ana miaka tisa, mkubwa kumi na saba. Opera ni mchezo ambao maneno yake yanaimbwa, hata mtu akiomba maji ya kunywa anayaomba kwa tuni. Jirani yangu aliniuliza, "Kwani hiyo si taarabu?" Siyo. Kwenye taarabu mwimbaji yuko mbele ya wapigaji na shairi lake, na likikugusa unainuka kwenda kumtunza. Hapa ukiinuka kumtunza Sultani unamzibia nunda njia. Na kuna bi mkubwa mmoja aliinuka kweli, noti ya elfu mbili mkononi. Mtoto akaipokea, akaitia kwenye joho, akaendelea kuimba.

Hadithi yenyewe wengi mnayo. Mimi alinihadithia bibi yangu Makunduchi, paukwa pakawa, kwa taa ya chemli. Paka wa Sultani alikamata ndama, watu wakaenda kushitaki, Sultani akajibu: paka wangu, ndama wangu. Akakamata mbuzi, jibu lile lile. Akapanda kwa ng'ombe, punda, ngamia, hata akamla mtoto wa mtu, na Sultani bado anasema paka ni wake. Alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo Sultani akatambua kwamba yule si paka tena. Askofu Edward Steere aliichapisha hadithi hii London mwaka 1870 pamoja na nyingine alizosimuliwa hapa Unguja, na yeye mwenyewe amezikwa pale kanisani Mkunazini. Kwa hiyo wanaosema kikundi kimebuni mambo ya ajabu kuwatisha watoto, mambo hayo yalikuwepo kabla ya babu zetu.

Maana walisema. Wiki ya pili ya mazoezi tuliitwa kikao cha wazazi. Baba mmoja alidai watoto wataweweseka. Mama mwengine akasema haya ya kula watu huleta mengine, na sisi tuliokuwa na akili zetu mwaka 1995, watu walipolala nje kwa kuhofia popobawa, yule jini wa usiku, tulielewa anakokwenda. Mwalimu wa muziki akawajibu kwa upole kwamba Wajerumani wana opera ya ndugu wawili wanaopotea msituni, wakaangukia mikononi mwa mchawi anayeoka watoto kwenye tanuri. Mtunzi wake ni Engelbert Humperdinck, ilioneshwa mara ya kwanza Weimar tarehe 23 Disemba 1893, na hadi leo familia huwapeleka watoto kuitazama wakati wa Krismasi. Wazazi wakapoa.

Mimi nilikwenda kuisoma habari hiyo nyumbani, nikakuta jambo ambalo mwalimu hakulisema. Katika ngano ya asili wazazi wanawapeleka wale watoto msituni kwa makusudi, ili wawaache, kwa sababu chakula kimekwisha. Aliyeandika maneno ya opera, Adelheid Wette, dada yake mtunzi, alilipunguza makali: mama anawakasirikia tu, anawatuma wakachume matunda. Nikacheka peke yangu. Kumbe na huko watu wazima mikono huwatetemeka wakifika pale penye uchungu.

Tuje Ngome Kongwe. Onesho lilikuwa baada ya Isha, kwenye ule ukumbi wa wazi, moshi wa mishikaki ya Forodhani unatufikia. Mandhari ya jukwaani ni mikeka na kiti kimoja cha Sultani, basi. Lakini huyo nunda! Hawakumtengenezea kichwa cha karatasi wala meno. Ni kaniki. Anaanza mtoto mmoja mdogo chini ya kipande cha kaniki, anaimba sauti nyembamba kama kipaka kinachotaka maziwa, watu wanacheka. Akikamata ndama, yule mtoto aliyekuwa ndama anaingia chini ya kaniki, naye anaanza kuimba kutoka humo. Akikamata mbuzi, sauti ya tatu. Kila anayeliwa haondoki jukwaani, anaongezeka tumboni, na kaniki inaunganishwa na nyengine na nyengine mpaka imefunika nusu ya jukwaa, inapanda na kushuka kama inavuta pumzi, na ndani yake kuna watoto kumi na saba wanaimba kwa sauti tofauti wimbo ule ule wa kipaka. Mimi binti yangu alikuwa mbuzi. Nilimsikia humo ndani. Mzazi gani atakaa ametulia anaisikia sauti ya mwanawe ikitoka kwenye tumbo la nunda? Nilimshika mkono mama wa kando yangu ambaye simjui. Yeye wake alikuwa punda.

Binti mwenyewe nilipomuuliza kama aliogopa alinijibu, "Mama, mule kuna joto tu, na ngamia alikuwa anatukanyaga."

Sehemu ya pili iliyonikaa ni ya mwana mdogo wa Sultani anapokwenda kumtafuta nunda. Kila mara anaua mnyama mwengine, mbwa, ngawa, punda milia, twiga, anamburura hadi nyumbani na kuimba kwamba, mama, nimemuua nunda mla watu. Mama yake, msichana mwenye sauti nzito ya ajabu kwa umri wake, anatazama chini na kuimba neno moja refu: siye. Mara ya kwanza tulikaa kimya. Mara ya tatu ukumbi mzima tulimjibia, "Siye!", hakuna aliyetufundisha. Pale ndipo opera ilipokuwa yetu kabisa.

Kwengineko haikuwa hivyo. Mtunzi ana tabia ya kuiweka noti ndefu kwenye silabi ya mwisho, na Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta "mtu" hadi ikawa "mtuuu" sawa, lakini "Sultani" ikivutwa pale kwenye "ni" haisikiki tena kama neno, unasikia mtu analia. Watoto wa sauti za juu ndio walioumia zaidi, irabu zote zikawa "a". Halafu kulikuwa na kinanda cha umeme kikipigwa pamoja na kanuni na udi, zile ala za nyuzi za taarabu. Kanuni na udi zina zile sauti za katikati ambazo kinanda hakina funguo zake, kwa hiyo wakikutana kwenye mahadhi ya kiarabu sikio linawasha. Kila alipopita nunda, kinanda kilinyamaza ikabaki kanuni na dumbaki. Nilitamani apite mara nyingi zaidi.

Lawama nyengine za haraka. Tuliambiwa saa mbili na nusu, tukaanza saa tatu na dakika ishirini kwa sababu ya hotuba. Maiki za kuning'inia zilikusanya upepo wa baharini kuliko waimbaji. Na siku mbili kabla ya onesho tuliombwa elfu kumi nyengine za kununulia kaniki, wakati ada tuliambiwa imejumuisha kila kitu. Kwa hayo nimewapunguzia nyota moja, nne kati ya tano.

Nyota hizo nne ni za usiku wa kwanza. Usiku ule, mwana mdogo alipomchoma nunda mkuki, sauti zile ndani ya kaniki zilizimika moja moja, kwa mpangilio ule ule walioliwa, ya mwisho ikawa ya kipaka. Kaniki ikalala chini bapa, haina mtu. Watoto walikuwa wameshatoka kwa nyuma gizani. Mama akaimba, "Ndiye." Kisha Sultani peke yake kwenye kiti, bila ala yoyote, akaanza "paka wangu" na hakuimalizia. Taa zikazima. Hakuna aliyepiga makofi kwa muda, na mtoto mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Wako wapi?"

Usiku wa pili wale wazazi wa kikaoni walikuwa wameshinda. Nunda alipokufa kaniki ilifunuliwa, wakatoka wote kumi na saba wanaruka, ngoma ikapigwa, vigelegele, Sultani anawakumbatia wanawe. Watu walifurahi sana, sitawadanganya. Binti yangu naye anaupenda zaidi usiku wa pili, kwa sababu mbuzi alitoka wa mbele na picha zake ni nyingi. Mimi nilipiga makofi huku namtafuta kwa macho yule msichana wa "siye". Alikuwa amesimama pembeni, hakupewa neno la kuimba, maana kwa mwisho ule hakuna tena anayehitaji kuambiwa kwamba ndiye.

Nasikia wanataka kuipeleka Chake Chake, Pemba. Jamaa zangu wa huko wameshaniuliza kama wakate tiketi. Nimewaambia waulize kwanza mlangoni: waliomezwa wanatoka au hawatoki? Wakitoka, wachukue na wadogo. Wasipotoka, wadogo wabaki kwa bibi, waende wenyewe.

Na kama mtaiona hapa Ngome Kongwe, chukueni kanga ya kukalia. Zile ngazi ni ngumu.