Disk Cleanup: yaiweza Windows.old, patisheni ya pili haiigusi

Ukihama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, mfumo wa zamani bado umo. Umejibanza kwenye C, ndani ya folda ya Windows.old, na mara nyingi unakula GB 10 hadi 30. Kwa laptopu yenye SSD ya GB 128 hilo ni pigo. Ukiifuta folda hiyo kwa kitufe cha Delete utaambiwa huna ruhusa, maana faili nyingi humo mmiliki wake ni TrustedInstaller, yaani akaunti ya Windows yenyewe.

Kazi hii Disk Cleanup, programu ya kusafisha diski, inaiweza vizuri sana, tena ipo tayari ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cleanmgr, chagua C, halafu bonyeza "Clean up system files". Wengi wanaruka hapo, wakashangaa mbona mstari wa "Previous Windows installation" hauonekani. Weka tiki kwenye mstari huo, na ukiona Downloads kwenye orodha hakikisha haina tiki. Litatokea onyo kwamba hutaweza tena kurudi mfumo wa zamani. Lisome kweli, na kwanza hakikisha Windows mpya inafanya kazi. Printa inachapa? Wi-Fi inashika? Na kama ulisakinisha upya bila kufomati, nyaraka zako zimo Windows.old\Users, zinakili kwanza.

Windows yenyewe huifuta folda hiyo baada ya siku 10. Ukitaka muda zaidi, fungua Command Prompt kama msimamizi kabla hazijaisha, uandike dism /online /set-osuninstallwindow /value:30. Mwisho ni 60.

Udhaifu wa Disk Cleanup ni mmoja, ila mkubwa: Windows ya zamani ikiwa kwenye patisheni nyingine (sehemu ya diski iliyotengwa) au diski nyingine, haiioni kama mfumo wa kuondoa. Hapo unabonyeza Windows na R, unaandika msconfig, unaingia kichupo cha Boot, unafuta jina la mfumo wa zamani, kisha unafuta patisheni yake kwenye Disk Management. Tafadhali, kabla ya kufuta chochote tazama patisheni ndogo iliyoandikwa "EFI System", yenye faili za kuwashia Windows, kwa kawaida MB 100 hivi, iko diski gani. Mara nyingi inabaki kwenye diski ya zamani hata kama Windows mpya iko kwenye SSD. Ukiifuta, au ukiichomoa diski hiyo, Windows haiwaki. Ikiwa iko huko, kwanza tengeneza EFI nyingine kwenye SSD, uipe herufi, tuseme S, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi uandike bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI.