Shule ya Baleti ya Dance Theatre of Harlem: Tathmini ya Walimu na Uongozi Wake

Shule ya baleti huhukumiwa kwa haki zaidi mtu anapotazama waliofundishwa humo wameishia wapi, na ni wangapi kati yao waliorudi kuwafundisha wengine. Kwa kipimo hicho, shule ya Dance Theatre of Harlem, iliyoko namba 466 katika Mtaa wa 152 Magharibi jijini New York, inastahili sifa ambazo shule nyingi zenye majengo makubwa na ada kubwa kuliko zake hazistahili. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wanaozungumza Kiswahili waliohamia New York na New Jersey, ambao mara kwa mara huulizana ni wapi mtoto mweusi anaweza kujifunza baleti bila kufanywa mgeni darasani. Naiandika pia kwa walioko nyumbani wanaotaka kujua shule ya jamii yenye uongozi wa kweli inafananaje. Sitazungumzia sana ukumbi, vioo wala sakafu, kwa sababu vitu hivyo hununuliwa kwa fedha, ilhali walimu na viongozi hulelewa kwa miaka mingi, na hapo ndipo mzazi anapaswa kuelekeza macho yake.

Mwanzilishi wa shule hii, Arthur Mitchell, alizaliwa Harlem kwenyewe, mtaa wa New York unaojulikana kwa wakazi wake weusi, tarehe 27 Machi 1934. Mwaka 1955 alijiunga na New York City Ballet, kundi lililoongozwa na mtunzi wa baleti George Balanchine, na baadaye akawa mchezaji mkuu wa kwanza mweusi katika kundi hilo. Mwaka 1957 Balanchine alimtungia dansi ya wawili akiwa na Diana Adams, mwanamke mzungu, wakati ambapo sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatumika katika majimbo ya Kusini mwa Marekani. Uamuzi ule ulihitaji ujasiri wa mtunzi na wa wachezaji wote wawili. Kwa hiyo Mitchell alikuwa na kazi, jina na heshima, na angeweza kuendelea hivyo hadi kustaafu. Martin Luther King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968, Mitchell alikuwa akisaidia kuunda kundi la baleti nchini Brazili. Akaamua kwamba kazi hiyo hiyo ilipaswa kufanyika katika mtaa aliozaliwa, akaanza kufundisha watoto wa Harlem, na mwaka 1969 akaanzisha rasmi taasisi hii, yenye shule na kundi la wachezaji, pamoja na Karel Shook, mzungu aliyewahi kuwa mwalimu wake.

Jina la Shook husahaulika upesi, nami naona si haki. Shook alikuwa mwalimu wa kiwango cha juu aliyekuwa akifanya kazi Uholanzi, na kukubali kwake kuja kufundisha Harlem kulimaanisha kwamba watoto wale hawakupewa baleti iliyopunguzwa makali kwa sababu tu walikuwa maskini. Walifundishwa ile ile inayofundishwa katika shule za kifalme za Ulaya: kupinda magoti taratibu huku mgongo ukiwa wima, kunyoosha mguu hadi ncha ya kidole, kurudia zoezi lile lile kando ya upau wa ukutani hadi misuli ielewe yenyewe, kisha kuhamia katikati ya chumba na kumalizia kwa miruko. Huu ndio msimamo ninaouheshimu kuliko yote katika historia ya shule hii. Shule nyingi za jamii huanza na nia njema, halafu hushusha kiwango kwa kisingizio cha huruma, na mwishowe mtoto hugundua akiwa na umri wa miaka 17 kwamba hawezi kupita jaribio lolote la kuingia kundi la kazi. Huruma ya namna hiyo humnyima mtoto kile alichoahidiwa.

Pamoja na ukali huo, mlango ulikuwa wazi. Jengo la Mtaa wa 152 lilikuwa gereji kabla ya kufanywa studio, na katika simulizi za miaka ile ya kwanza hutajwa jinsi Mitchell alivyokuwa akifundisha milango ikiwa wazi, ili wapita njia wasimame, watazame, na wengine waingie. Wavulana aliwapokea wakiwa na suruali zilizokatwa magotini, akawaonyesha kwamba miruko ya baleti inadai nguvu na uratibu kama wa mwanamichezo yeyote. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban 30 hadi 400 ndani ya miezi michache. Ukuaji wa namna hiyo hautokani na matangazo. Mwalimu alikuwa mtu wa mtaa ule, anaongea kama wao, na anawadai nidhamu ambayo wazazi wao wenyewe waliitaka.

Kuna uamuzi mmoja wa uongozi ambao kwa mtazamaji wa kawaida unaweza kuonekana mdogo, lakini kwa mtoto anayejiangalia kwenye kioo kila siku ni mkubwa mno. Kwa mapokeo ya Ulaya, wasichana wa baleti huvaa soksi ndefu na viatu vya rangi ya waridi iliyopauka, ambayo ilichaguliwa kwa kufuata ngozi ya wazungu, ili mstari wa mguu uonekane mmoja kutoka nyonga hadi ncha ya kidole. Kwa msichana mweusi rangi hiyo hufanya kinyume kabisa: huukata mwili wake katikati, na mtazamaji akaona miguu ambayo si yake. Katika miaka ya 1970 Dance Theatre of Harlem ilianza kuwavalisha wachezaji wake soksi na viatu vinavyolingana na ngozi ya kila mmoja, kazi iliyomaanisha kuvitia rangi au kuvipaka vipodozi kwa mkono. Watengenezaji wa viatu walichukua miongo mingi kulifikia wazo hilo. Kampuni ya Freed ya London ilianza kuuza viatu vya kahawia vya kusimamia ncha za vidole mwaka 2018. Ninapomwambia mzazi kwamba uongozi wa shule unamwona mtoto wake, ninamaanisha mambo ya namna hii, yanayohitaji uamuzi, fedha na saa za kazi.

Sasa nije kwenye urithi wa uongozi, ambao ndio kiini cha tathmini yangu. Virginia Johnson alikuwa miongoni mwa wachezaji waanzilishi. Alikuja New York kusoma chuo kikuu, akaacha masomo akajiunga na Mitchell mwaka 1969, akawa mchezaji mkuu kwa miaka mingi, kisha akawa mhariri mwanzilishi wa jarida la baleti liitwalo Pointe. Alirudi kuwa mkurugenzi wa sanaa baada ya Mitchell, akaliongoza kundi hadi mwaka 2023. Aliyempokea kijiti ni Robert Garland, ambaye naye alikuwa mchezaji mkuu wa kundi hilo, akawa mtunzi wake wa kwanza wa kudumu wa dansi, na aliwahi kuiongoza shule yenyewe. Endalyn Taylor alicheza katika kundi hilo, akawa mkurugenzi wa shule, na baadaye akawa mkuu wa kitivo cha dansi katika chuo cha sanaa cha jimbo la North Carolina. Hawa wote wamepita katika kazi hiyo kwa miili yao. Wanajua maumivu ya kifundo cha mguu, wanajua jinsi mtoto anavyovunjika moyo anapokosa nafasi, na wanajua pia kwamba nafasi haitolewi kwa kuonewa huruma.

Garland hasa ananigusa kwa sababu amethibitisha jambo ambalo wazazi wetu huwa na wasiwasi nalo. Wengi huniuliza kama mtoto akijifunza baleti hatapotea kutoka kwenye ngoma na muziki wa kwao. Mwaka 1999 Garland alitunga dansi kwa nyimbo za Aretha Franklin na James Brown, wachezaji wakiwa wamesimama juu ya ncha za vidole, mgongo ukiwa wa baleti safi huku nyonga na mabega vikisema lugha ya Harlem. Hakuna upande unaoomba radhi kwa mwingine. Anayetunga hivyo na kuongoza hivyo huwafundisha watoto, bila hotuba yoyote, kwamba hawahitaji kuacha chochote mlangoni.

Hata hivyo, tathmini ya uongozi isiyogusa fedha haijakamilika, na katika eneo hili historia ya taasisi ina kovu. Mwaka 2004 kundi la wachezaji lilisimamishwa kwa sababu ya deni la zaidi ya dola milioni 2, na halikurudi jukwaani kama kundi kamili hadi mwaka 2012. Miaka 8 ni sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mcheza baleti. Waliokuwa na umri wa miaka 25 walirudi wakiwa na 33, kama walirudi kabisa. Kwa maoni yangu sababu haikuwa uhaba wa wafadhili peke yake; taasisi ilikuwa imejengwa kumzunguka mtu mmoja mwenye kipaji kikubwa, na kumzungukia mtu mmoja, hata akiwa Mitchell, ni hatari. Ninalosifu ni kwamba katika kipindi hicho kigumu shule ndiyo iliyobaki kuwa moyo wa taasisi. Watoto waliendelea kufundishwa wakati hapakuwa na kundi la kuwapokea, na kundi liliporudi lilikuta mizizi bado ina maji. Baadaye kazi za uongozi ziligawanywa waziwazi zaidi. Johnson alishughulikia sanaa huku mkurugenzi mtendaji Anna Glass akishughulikia uendeshaji, na mwaka 2021 tajiri mfadhili MacKenzie Scott aliwapa dola milioni 10. Msaada huo ni baraka, ingawa bado natamani kuona shule ya jamii ya aina hii ikiwa na mfuko wa kudumu usiotegemea ukarimu wa mwaka mmoja.

Kiungo cha shule hii na bara letu ni cha kweli. Mwaka 1992 kundi lilikwenda Afrika Kusini, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa unabomolewa lakini haujaisha, na pamoja na kucheza jukwaani wachezaji walifundisha watoto na vijana. Kutokana na safari ile ulikua mpango wao wa kupeleka dansi nje ya kuta za studio. Huku kwetu, Nairobi imeonyesha kwamba mbegu ile ile huota. Mike Wamaya amefundisha baleti katika mtaa wa mabanda wa Kibera, katika madarasa ambamo madawati husogezwa kando ili watoto wapate nafasi ya kunyoosha miguu, na mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 50 bora waliowania Tuzo ya Mwalimu ya Dunia. Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, alifika hadi shule ya English National Ballet mjini London. Nikilinganisha, naona tofauti kubwa haiko katika vipaji wala bidii ya walimu. Iko katika ngazi: Harlem kuna mahali pa mtoto kuanzia, mahali pa kuendelea, kundi la kazi la kuingilia na nafasi ya kurudi kufundisha, ilhali Nairobi mwenye kipaji kikubwa bado hulazimika kupanda ndege.

Nirudi kwa mzazi anayetaka kuandikisha mtoto, iwe Harlem au kwingine. Katika shule moja ya mtaani ambayo sitaitaja, binti wa dada yangu alivalishwa viatu vya kusimamia ncha za vidole akiwa na umri wa miaka 8, kwa sababu mwalimu alitaka onyesho la mwisho wa mwaka lipendeze. Mifupa ya mguu wa mtoto wa umri huo bado ni laini, na misuli ya kifundo haijapata nguvu ya kubeba uzito wote juu ya vidole. Kwa kawaida viatu hivyo huanza mtoto akiwa na miaka 11 au 12, baada ya miaka kadhaa ya mafunzo mfululizo, na baada ya mwalimu kumkagua yeye binafsi. Mwalimu anayeharakisha jambo hilo ili kuwafurahisha wazazi hafai, hata kama ni mpole na anapendwa na watoto wote.

Mtoto anayetaka tu kujifurahisha siku za Jumamosi atafaa zaidi katika shule nyepesi, kwa kuwa msingi wa Harlem ni nidhamu, na nidhamu hiyo huonekana kuanzia nywele zilizofungwa vizuri hadi kufika kwa wakati. Aliye na kiu ya kweli sioni mahali pazuri zaidi pa kumpeleka katika jiji lile. Kabla ya kulipa, mzazi aulize ni nani hasa atakayemfundisha mtoto wake, kwani jina la mkurugenzi mlangoni halimaanishi kwamba yeye ndiye atakayekuwa darasani. Aulize kama muziki ni wa piano inayopigwa hapo hapo, kwa sababu mtoto hujifunza kusikiliza tofauti mbele ya mpigaji aliye hai. Aulize msaada wa ada unaombwa vipi na lini, maana familia nyingi zetu hukata tamaa kabla hata ya kuuliza. Na aulize walimu wanamgusaje mtoto wanapomrekebisha, na kama mtoto ana haki ya kukataa; shule yenye uongozi mzuri hulijibu swali hilo palepale, mbele ya mtoto mwenyewe.