Ukitaka mtoto ajifunze kuandika programu, anza kununua hapa

Mzazi akiniuliza anunue nini ili mwanawe ajifunze kuandika programu, nami humuuliza: nyumbani kuna kompyuta? Zana bora za kuanzia ni za bure. Hela inakwenda kwenye mashine ya kuziendeshea. Mpangilio huu ni wa mtoto wa miaka 8 hadi 14 ambaye hajawahi kugusa kazi hii.

Zana ya kwanza ni Scratch, programu ya bure ya kompyuta, na sioni inayoikaribia. Ilitoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007, na inapatikana pia kwa Kiswahili, kwa hiyo mtoto hapambani na Kiingereza na programu kwa mpigo. Hachapi amri. Anavuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na visivyoendana havishikani.

Jumamosi moja msichana wa darasa la nne alitaka paka wake wa kwenye skrini atembee. Akabofya bendera ya kijani. Paka akasogea hatua 10, akasimama. Akabofya tena, zikaongezeka 10. Alikaa kimya kidogo, kisha akatafuta kipande cha kurudia bila kikomo, akakizungushia kile cha mwendo. Paka akakimbia hadi ukingoni akakwama. Akaongeza kipande cha kugeuka akigusa ukingo, paka akarudi miguu juu, kichwa chini! Darasa zima likacheka, naye hakuinuka hadi alipomsimamisha sawasawa. Nusu saa ile ilimfundisha marudio kuliko ubao wangu wa wiki nzima.

Scratch ina toleo la kupakua lisilohitaji intaneti. Lipakue mara moja penye mtandao mzuri, ulibebe kwenye flashi. Laptop iliyotumika inatosha, ila mimi singeshuka chini ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4. Usilipe kabla hujaifungua Scratch pale pale dukani, chaja ikiwa imechomolewa. Ongeza na kipanya, tafadhali. Kuvuta vipande kwa kidole kwenye padi iliyochoka kunamkatisha mtoto tamaa mapema mno.

Ya pili ni micro:bit, kibao kidogo cha saketi kilichoanzishwa na BBC. Mwaka 2016 wanafunzi wa Uingereza waligawiwa bure. Kina taa ndogo 25, vitufe viwili na kihisi cha mwendo, na vipande vyake vya amri hupangwa kwenye MakeCode, tovuti ya bure inayofanana na Scratch. Mtoto akikitikisa taa zikawaka alivyotaka yeye, utaona uso wake. Bei ni karibu dola 20 kabla ya usafiri na ushuru. Chagua toleo la pili, lenye spika na maikrofoni, na uhakikishe waya wa USB na kishikio cha betri vimo, maana mara nyingi kibao huuzwa peke yake. MakeCode pia huonyesha micro:bit ya kuigiza kwenye skrini, kwa hiyo jaribuni kwanza bure.

Ya tatu ni ya wadogo kuliko niliowataja, wa miaka 5 hadi 7, ambao hawajasoma vizuri: nenda moja kwa moja kwenye ScratchJr, Scratch ya watoto wadogo, kwenye tabiti. Vipande vyake ni picha.

App Inventor naiweka ya nne. Kijana anatengeneza programu ya simu inayofanya kazi kweli, lakini inataka intaneti muda wote, na isiyokatika. Mpe akishaizoea Scratch.

Mwisho kabisa ni roboti za sandukuni. Zinavutia, najua. Niliwahi kununua moja kwa akiba ya darasa. Baada ya miezi michache programu yake ikakataa kufunguka kwenye simu zetu, na roboti iko kabatini hadi leo. Kwa hela ile ningepata laptop iliyotumika. Ukiamua kununua hata hivyo, muulize muuzaji mambo mawili: inafanya kazi bila intaneti? Betri yake ikifa, nyingine naipata wapi hapa mjini? Akisitasita, usimpe hela.