Mita ya oksijeni yenye probu ya galvani: uzoefu wangu kwenye vizimba vya sato

Naitumia mita hii ya mkononi kwenye vizimba vya sato upande wa Mwanza. Ni ya aina ya galvani, yaani inayojizalishia umeme kama betri: kwenye ncha ya probu (kijiti kinachotumbukizwa majini) kuna vipande viwili vya metali, kathodi ya fedha na anodi ya zinki, ndani ya elektroliti (kimiminika kinachopitisha umeme), na mbele yake utando mwembamba wa plastiki. Oksijeni hupenya utando na kuliwa kwenye kathodi. Umeme kidogo unaozalishwa hapo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Haidai kusubiriwa kama zile za polarografi, zinazotegemea umeme wa mita yenyewe, ambazo huwashwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuaminiwa. Kwa anayepima saa kumi na moja alfajiri mtumbwini, oksijeni ikiwa chini kuliko wakati wowote wa siku, hilo si jambo dogo.

Lawama yangu ya kwanza ni kwa kijitabu cha maelekezo. Kinasema usawazishe mita hewani, yaani uirekebishe mpaka isome asilimia 100 ya oksijeni inayoweza kushikwa na maji, basi. Hakigusi mwinuko, na usipoiambia mita uko wapi, inadhani uko ufukweni. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 pale Dar es Salaam hushika miligramu 8.26 kwa lita yakijaa oksijeni. Hapa ni karibu 7.2. Kwa hiyo mita isiyorekebishwa itakuonyesha 4.0 kumbe majini mna 3.5, na kwa samaki waliosongamana kizimbani tofauti hiyo ndiyo inayoamua uwalishe sasa au usubiri jua lipande. Weka mwinuko, au kama inauliza kanieneo (mgandamizo wa hewa), weka karibu milimita 665 za zebaki. Usichukue namba ya utabiri wa hali ya hewa: ile huwa imeshapandishwa hadi usawa wa bahari, na kosa litarudi palepale.

Kusawazisha kwenyewe ni rahisi. Chupa yenye sifongo kibichi chini, probu ndani bila utando kugusa maji, kizibo kilegee kidogo, kivulini, dakika 10. Tone moja likibaki juu ya utando, futa kwa tishu laini uanze tena. Jotoridi lazima litulie kwanza, maana upenyo wa utando hubadilika kwa asilimia 3 au zaidi kwa kila nyuzi moja. Probu iliyoachwa juani kwenye mbao za mtumbwi itakudanganya mchana kutwa.

Majini, itikise. Probu hii inakula oksijeni inayoipima, hivyo ikitulia inamaliza iliyo mbele ya utando na namba inashuka polepole, hata kizimba kikiwa salama. Ipandishe na kuishusha taratibu bila kuacha mpaka namba isimame. Wengi huogopa bure hapa, wanawasha pampu ya hewa kwa sababu ya mkono mvivu.

Kazi inayosumbua zaidi ni kubadilisha elektroliti. Jaza kofia ya utando mpaka ikaribie kufurika, igonge kwa kucha mapovu yapande, kisha simamisha probu wima na ukaze polepole ili ya ziada imwagike pembeni. Povu likibaki ndani, namba itayumba na itabadilika unapoteremsha probu, kwa sababu maji ya kina hulibana. Utando wenye mkunjo hautengenezeki. Weka kofia mpya. Tumia elektroliti iliyoandikwa kwa ajili ya probu yako tu: nyingine ni maji ya chumvi, nyingine ni hidroksidi ya sodiamu inayounguza ngozi. Ukiona unga mweupe kwenye zinki, au fedha imekuwa nyeusi, sugua taratibu kwa msasa laini wa maji na usuuze kwa maji ya betri (yale ya kuongezea, si asidi). Weusi huo mara nyingi ni salfidi, hasa ukiwa umeigusisha probu kwenye tope linalonuka mayai viza.

Kabla ya kuituhumu mita, pima sifuri. Yeyusha gramu 5 za salfaiti ya sodiamu, inayomaliza oksijeni majini, kwenye mililita 100 za maji, tumbukiza probu, subiri dakika chache. Ikigoma kushuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, utando umetoboka au elektroliti imechoka. Suuza sana baadaye.

Anodi ya galvani huliwa hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo hata ikikaa kabatini inazeeka. Ihifadhi kwenye kikombe chake chenye sifongo kibichi. Utando ukikauka, elektroliti nayo hukauka.

Kwa vizimba ningekataa toleo la waya wa mita moja. Kuchota maji ya chini kwa ndoo na kupimia juu hakusaidii, kwani yanachanganyika na hewa yakimiminwa na namba inapanda. Waya wa mita 4 unapima juu, katikati na karibu na sakafu ya wavu, na ni pale sakafuni ambapo mimi hukuta namba mbaya kwanza.