Kundi la ujumbe au kozi ya mtandaoni kwa ndugu wa mgonjwa wa akili?

Saa nane usiku kaka yako hajalala, anajibizana na sauti, na vidonge kavificha chini ya godoro. Hapo kundi la ujumbe ndilo mkombozi: atakujibu mtu aliyepitia hayohayo. Ila wapo pia watakaokushauri umwachishe dawa, na ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.

Kozi kama Family-to-Family ya NAMI, shirika la afya ya akili la Marekani, ni ya bure, ina vipindi 8 na huongozwa na ndugu waliofunzwa. Unajifunza dalili za kurudiwa, na kuzungumza naye bila kubishania sauti anazosikia. Haikufai usiku wa dharura, lakini ningeanza nayo. Akitaja kujiua, piga kwanza simu ya dharura.