Kumwamsha mgonjwa, au kupima neva kwa umeme?

Tukisubiri boti bandari ya Mkoani, Pemba, ami yangu, mwenye uvimbe ndani ya uti wa mgongo, aliuliza: "Akinipasua, daktari atajuaje kama miguu yangu ingali hai, na mimi nimelala?"

Njia ya zamani, waliyoieleza madaktari wa Ufaransa mwaka 1973, ni kupunguza nusukaputi katikati ya operesheni na kumwambia mgonjwa achezeshe vidole vya miguu. Haitaki mashine. Lakini jibu huja mara moja tu, pengine neva imeshaumia. Na mtu kalala kifudifudi, mgongo wazi, akikohoa je?

Ya umeme ina raha yake. Sindano nyembamba huwekwa kichwani na kwenye misuli ya mikono na miguu. Ubongo ukichochewa, kidole gumba cha mguu hushtuka, mstari unaruka kwenye skrini. Ukififia, daktari husimama, presha hupandishwa, jeraha humwagiwa maji ya chumvi ya vuguvugu, wanasubiri. Sharti, dawa za kulegeza misuli ziepukwe, na kitambaa kiwekwe baina ya meno asijing'ate ulimi.

Kwa uvimbe kama wa ami, nachagua umeme. Kumwamsha ni akiba, mashine ikigoma.