Return of the Obra Dinn: gemu ya mafumbo iliyonikosesha usingizi

Kama unapenda gemu za stori na unataka ichemshe kichwa kweli, anza na hii. Lucas Pope aliitoa 2018. Mwaka ni 1807, meli iliyopotea imerudi yenyewe bila mtu hata mmoja aliye hai, na wewe ni mkaguzi wa bima unatakiwa ujue watu wote 60 walipatwa na nini, nani alikufa vipi na nani kamuua. Una saa ya mfukoni, ukikuta maiti unaifungua hiyo saa, unasikia sauti za mwisho kisha unaingia kwenye ile sekunde aliyokufa, kila kitu kimeganda kama picha, unazunguka unachungulia.

Utamu upo hapo sasa, maana hakuna anayekwambia majina, unayatafuta kwa lafudhi, nguo, viatu, hadi namba za vitanda vya kulalia, na gemu inathibitisha majibu yakifika matatu sahihi kwa hiyo kubahatisha ni kugumu sana. Mimi nilikaa na daftari kabisa, na kila zile tatu zikikubali nilikuwa napiga kelele peke yangu chumbani!

Picha ni rangi mbili tu, mwanzoni macho yanauma kidogo ila unazoea. Muziki mzuri mno. Kasoro ni moja, ukishamaliza hairudiki, majibu yote unayo kichwani. Usiguse msaada wowote mtandaoni, tafadhali.